Sifuri Kumi na Moja

Nizwa, ghorofa ya pili, nyuma ya rafu za majarida,
kuna mlango usio na kibao.
Humo ndimo ninamokaa na data za watu:
joto la mchanga, njia ya Adam, miaka tisa;
chumvi ya visima vya Batina;
mitende iliyohesabiwa mmoja mmoja na mtu
ambaye, nadhani, hakuwa na haraka ya kurudi kwake.

Kazi yangu haina makuu.
Faili linakuja limevaa jina la ovyo,
"mwisho kabisa, la pili, hili ndilo."
Nalivua, naliogesha, nalitafutia jina la kuitikia.
Nauliza: nani alipima? Kwa chombo gani? Siku gani?
Asiyeulizwa leo, kesho hana wa kumjibia.

Thuwaiba alikuja Jumapili,
abaya imeingia vumbi la Izki,
na jedwali la falaji moja, mwaka sabini na sita.
"Ilikauka," akasema. "Tazama. Siku kumi na moja, sifuri.
Sura yangu ya tatu yote imesimama hapa."

Nikatazama. Sifuri zimepangana
kama vikombe vya kahawa baada ya tanga.
Kabla yake, maji vidole vinane. Baada yake, vidole vinane.
Falaji gani hii inayokufa Jumanne
ikafufuka Jumamosi ya pili, bila hata tope?

Tukaomba sanduku lenyewe.
Madaftari manne, jalada la kijani, harufu ya ndimu kavu.
Kwenye kadi, mwandiko wa mtu wa zamani:
Lugha: haijulikani. Herufi za Kiarabu.
Nikafungua, nikasoma mstari wa kwanza,
na sauti iliyonitoka haikuwa ya ofisini,
ilikuwa ya jikoni kwetu, ya bibi akimkemea paka:
"Leo maji mazuri, ila ngazi inateleza."

Kiswahili, jamani.
Miaka arobaini na kitu kimekaa humu kikiitwa hakijulikani,
na mimi napita mlangoni kila asubuhi na chupa ya chai.

Zahran bin Mbarouk, mpimaji, alirudi kutoka Pemba
na sanduku moja na lugha moja ya kuandikia mambo yake.
Namba aliwaandikia wakubwa.
Pembeni alijiandikia mwenyewe.
Tukafika kwenye ile Jumanne.
Kalamu imebonyea hadi karatasi ya chini:

"Mama kafa, Wete. Barua imechukua mwezi.
Sipimi."

Chini yake, siku kumi, hakuna neno.
Karani wa mjini aliyenakili
hakupenda nafasi wazi. Akatia sifuri.

Thuwaiba alinyamaza, halafu akacheka,
kicheko cha mtu aliyefukiwa sura ya tatu.

Sifuri ni kipimo: mtu kashuka, kachovya kijiti, kakuta hakuna.
Tupu ni jambo jingine. Tupu, mtu hakushuka.
Nimelifundisha hili kwa slaidi, mwaka baada ya mwaka,
wala sikuwahi kulifikiria na matanga ndani yake.

Nikampigia bintiye, Bi Shinuna, Samail;
ruhusa ni ruhusa, hata ya marehemu.
Nyuma yake redio, sufuria ya presha ikipiga mluzi.
"Wekeni wazi, wasome. Hayo maji hayakuwa yake.
Lakini lile la mama msilitafsiri.
Atakayelijua atalijua."

Toleo la pili limepanda jana, saa nane mchana.
Siku kumi na moja, tupu.
Kwenye maelezo, kwa Kiarabu na Kiingereza:
mpimaji hakuwepo kazini. Basi.
Na kwenye safu ya pembeni, Jumanne ile,
kwa herufi zake mwenyewe,
sipimi.

Lugha: nimefuta "haijulikani."
Mkono ulinitetemeka kidogo, sisemi uongo.
Kisha seva ikauliza, kama inavyouliza kwa kila faili,
kama nina hakika.